Picha Ni Moja

Kaka yangu Gachau alinialika Krismasi kwa ujumbe wa maneno manane: "Njau karibu tarehe 25. Usisahau mkoba wa kazi."

Mimi ni plamba. Sijaajiriwa na mtu. Nina diploma ya chuo cha ufundi na miaka kumi na saba ya kutandaza paipu katika nyumba za Thika na Ruiru, nyingi zikiwa zile mpya za Mugutha, ambako ploti iliyokuwa na mahindi mwezi wa tano huwa na paa mwezi wa kumi. Wateja hunipigia simu siku za kazi. Familia hunipigia siku za sikukuu. Gachau amekuwa na nyumba yake Mugutha kwa miaka sita. Kufikia mwaliko huo nilikuwa nimeenda kwake Krismasi mara tano, na mara nne kati ya hizo nililala chali chini ya kitu fulani huku wengine wakila.

Hilo peke yake nisingelilipizia kisasi. Fundi wa familia ni fundi wa familia. Sababu yangu ni picha.

Baba yetu, Mzee Gathogo, alikuwa mtu wa boila katika kiwanda kimoja cha Thika kwa miaka thelathini na miwili. Krismasi ya mwaka 1988 alituvalisha viatu, akatupeleka studio mjini, akalipia picha moja. Mpiga picha alisema apige mbili, moja iwe ya akiba. Baba akamwambia picha ni moja, na kama hawezi kwa moja basi hajui kazi. Tangu hapo familia yetu hupiga picha moja kila Krismasi. Anayefumba macho hubaki amefumba. Mimi nimefumba macho mwaka 1991, na Gachau ana kamasi mwaka 1989. Zote zimetundikwa kwa mpangilio sebuleni kwa baba, Makongeni, na simu za kisasa hazijabadilisha kitu. Picha ni moja.

Katika picha ya mwaka uliotangulia mwaliko huo, sikuwamo.

Mambo yalikuwa hivi. Saa nane na dakika ishirini mchana Gachau alikuja nyuma ya kiti changu, akaniwekea mkono begani, akasema sinki ya jikoni imeziba na akina mama wameshindwa kuosha vyombo. Sahani yangu ilikuwa bado na nyama. Niliinuka nikaenda. Ilikuwa ni mafuta ya mbuzi yaliyoganda kwenye kona ya paipu, na mtu alikuwa ameyasukuma mbele zaidi kwa mwiko. Kipande cha mwiko nilikikuta mle ndani. Kazi ilichukua dakika ishirini na tano. Nilipotoka nje nikijipangusa mikono, viti vilikuwa vinakunjwa. Mama aliomba ipigwe nyingine. Baba akatikisa kichwa.

Lynn, binti wa Gachau, hurekodi kila kitu na kutuma kwenye grupu yetu ya WhatsApp. Video ya siku hiyo ina sekunde arobaini na moja. Kwenye sekunde ya kumi na mbili mama anageuza shingo kuelekea jikoni na kusema, "Tumngoje Njau." Kwenye sekunde ya kumi na tano Gachau, aliyeketi mkono wa kulia wa baba kama kifungua mimba, anamjibu mama bila kugeuka: "Maitu, huyo ako na kazi kidogo. Piga tu." Kwenye sekunde ya kumi na nane picha inapigwa.

Mama yetu, Magdalene, alifariki tarehe tisa Machi.

Gachau ndiye aliyesimamia kitabu cha mazishi, kile cha wasifu na picha wanachogawiwa waombolezaji. Kilikuwa na kurasa kumi na mbili. Ukurasa wote wa saba ulikuwa picha ile, kwa rangi, na chini yake maandishi: "Mama akiwa na familia yake yote." Nilisoma maneno hayo nikiwa nimesimama kando ya jeneza. Zilichapishwa nakala mia tano. Baada ya maziko, mwanamke mmoja wa kanisa letu, mtu mwema asiye na umbea, alimshika mke wangu Nekesa mkono akamwuliza kwa sauti ya chini kwa nini mumewe hakwenda kumwona mamake Krismasi ya mwisho. Watu huviweka vitabu vya mazishi kwenye droo, pamoja na vyeti na risiti. Kwa hiyo katika nyumba zipatazo mia tano kuna ushahidi kwamba nilikosa kwenda. Ushahidi wa kwamba nilikuwa hatua kumi kutoka hapo, kichwa kikiwa ndani ya kabati, uko kwenye video ambayo watu wa nje hawana.

Usiku wa mazishi Nekesa aliniambia, "Mwambie ndugu yako. Mwambie tu ana kwa ana."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Tarehe ishirini na tano, mwezi wa kumi na mbili."

"Hiyo ni miezi tisa, Baba Ciku. Hata mtoto anazaliwa."

"Basi nina muda wa kutosha."

Alinitazama, akazima taa.

Mwezi wa Novemba Gachau aliniita nimwekee pampu ya kuongeza nguvu ya maji, kwa sababu wageni wa mwaka uliopita walilalamika kwamba shawa inadondoka kama pua. Nilimwekea pampu nzuri. Kabla ya pampu, maji yalifika bafuni kwa uvivu. Baada yake yalifika kwa shinikizo la baa tatu, na hilo ni jambo la kupima kwa geji, si la kubishania. Nilimwonyesha konekta ya plastiki inayounga paipu chini ya sinki ya kunawia katika bafu ya wageni, nikamwambia haitahimili nguvu hiyo, abadilishe aweke ya shaba.

"Nani atalala chini aikague?" akasema.

"Mimi."

Akacheka. "Basi wewe ushaiona, imetosha."

Jioni hiyo nilimwandikia ushauri huohuo kwenye simu. Tiki mbili za buluu. Hakujibu. Kwa hiyo kama konekta ile ingeachia, hakuna mtu ambaye angeuliza kwa nini.

Siku hiyo hiyo niliweka valvu kuu ya kufungia maji ya nyumba nzima. Iko nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye kisanduku cha saruji chenye kifuniko cha bati. Mpini wake ni mwekundu. Ukiuzungusha nusu mzunguko, nyumba yote inakauka. Kila mteja wangu huniuliza maji yake yanafungwa wapi, hata wajane wa miaka themanini. Nilingoja Gachau aulize. Alinilipa, akanishukuru, akanifungulia geti. Wiki mbili baadaye mkewe, Mama Lynn, aliweka chungu cha maua juu ya kifuniko kile kwa sababu kiliharibu sura ya uwanja.

Tarehe ishirini na tano tulifika saa nne asubuhi, mimi, Nekesa na binti yetu Ciku. Gachau alikuwa getini amevaa suti ya kijivu.

"Fundi wa serikali amefika," aliwaambia wageni. "Umekuja na mkoba?"

"Nimekuja nao."

"Mwaka huu hakuna kitu imeharibika. Leo utakula mpaka uombe msamaha."

"Sawa."

"Nekesa, huyu bwana yako huwa anacheka siku gani?"

"Jumanne," Nekesa akasema. "Umemkosa kwa siku chache."

Watu wakacheka, hata mimi. Gachau si mtu mbaya wa kukaa naye, na siku hiyo alikuwa amenunua mbuzi wawili na kuwalisha watu thelathini na wanne. Baba aliketishwa kivulini mwa hema, amevaa koti lake la sikukuu. Ana miaka themanini na mmoja, na kila siku saa tisa hulala. Chakula kilipoisha alimwita mpiga picha, kijana wa Ruiru aitwaye Oluoch, akamwambia:

"Hii ya leo uipige vizuri. Ndiyo itawekwa kwa kitabu changu."

"Baba, wacha hayo maneno," Mama Lynn akasema. "Ni Krismasi."

"Kwani Krismasi watu hawafi?"

Oluoch alisema saa nane na nusu kamili anapiga, maana familia nyingine ilikuwa inamngoja Juja saa tisa na robo. Watoto wakaanza kupanga viti. Kiti cha mama, upande wa kushoto wa baba, kiliwekwa kitupu na shuka lake begani mwa kiti.

Saa nane na dakika ishirini na mbili niliingia bafu ya wageni na kufunga mlango. Nati ya plastiki ilikuwa na mizunguko mitano. Nililegeza minne kwa vidole, polepole, nikabakiza mmoja. Tone moja likaanza kuning'inia. Nilitoka, nikampata Gachau varandani akimwambia mtu kuhusu mbao za sakafu yake, zilizotoka Uturuki na ambazo hupaswi kuzimwagia hata chai.

"Kuja uone kitu," nikasema.

Alinifuata. Nilipiga magoti mbele ya sinki, nikagusa nati, ikaachia. Maji yalirusha konekta ukutani na kupiga koti langu. Nilikamata mdomo wa paipu kwa kiganja cha kushoto, nikamwambia apige magoti.

"Ngai," akasema. "Mbao."

"Shika hapa. Kiganja chote. Usisukume, ziba tu."

"Suti, Njau."

"Suti itakauka. Mbao zikilowa zinafura na kuinuka kama chapati. Shika."

Akashika. Shinikizo la baa tatu kwenye mdomo wa paipu ile ni kama kubeba kilo nne kwa kiganja. Mtu mzima anaweza. Anachoka, lakini anaweza, hasa akiwa na mlango wazi nyuma yake na sakafu ya Uturuki nje ya mlango.

"Yanafungwa wapi?" akauliza. Hilo ndilo swali nililolingoja tangu Novemba.

"Nje. Ninaenda. Ukiachilia, yote inaingia koridoni."

Kutoka bafuni hadi mlango wa jikoni ni hatua tisa. Kutoka mlango hadi kwenye chungu cha maua ni hatua kumi na moja. Nilifika kwenye chungu. Nilikipita. Nilizunguka nyumba, nikafika uwanjani saa nane na dakika ishirini na tisa. Watu walikuwa wamejipanga: watoto chini, wake nyuma, baba katikati. Kiti cha kulia kwake kilikuwa wazi.

"Gachau ako wapi?" baba akauliza.

Nilikuwa nimeyabeba maneno hayo kwa mwaka mzima na sikuyabadilisha hata moja.

"Huyo ako na kazi kidogo," nikasema. "Piga tu."

Lynn alikuwa amesimama pembeni, simu mkononi, anarekodi. Aliteremsha simu na kuniangalia. Yeye ndiye aliyerekodi ya mwaka uliopita, na nadhani ndiye peke yake aliyeyatambua maneno hayo. Mama Lynn aliinua pindo la gauni na kuanza kuondoka kwenye mstari.

"Wacha nimwite."

"Rudi mahali pako," baba akasema. "Mimi nachoka. Njau, keti hapa."

Alipiga kiti cha kulia kwa kiganja. Niliketi. Nekesa, nyuma yangu, aliinama kana kwamba ananitoa uzi kwenye kola.

"Mkono wako umelowa," akasema sikioni.

"Najua."

"Baba Ciku."

"Angalia mbele."

Oluoch alihesabu hadi tatu, akapiga. Akatazama kioo cha kamera yake. "Mzee, niongeze moja ya usalama?"

"Moja inatosha," baba akasema, na akaanza kuinuka.

Watu wakapiga makofi. Nilimsaidia baba hadi chumba cha kulala, nikamvua viatu, nikamfunika. Nilimlipa Oluoch nauli ya pikipiki ya kwenda Juja niliyokuwa nimemwahidi, nikamwona akitoka getini. Kisha nikaenda nyuma ya jikoni, nikasogeza chungu, nikafungua kifuniko, nikazungusha mpini.

Gachau alikuwa bado amepiga magoti. Suti ilikuwa imelowa hadi kifuani, na mikono yote miwili ilikuwa kwenye paipu, mmoja juu ya mwingine.

"Umeenda kufunga Thika?"

"Nimefunga. Achilia."

Hakuniamini mara moja. Aliachilia kidole kimoja kimoja. Kiganja chake kilikuwa cheupe, na katikati kulikuwa na duara la mdomo wa paipu.

"Nimesikia makofi," akasema.

"Wamepiga picha."

"Bila mimi?"

"Baba alikuwa amechoka."

Alitoka mbio kama alivyo. Nilimsikia akimwita Oluoch, kisha akimwuliza Lynn, kisha mlango wa chumba cha baba ukifunguliwa. Sauti ya baba haikupanda. Sikuhitaji kusikia maneno. Nilifunga paipu kwa kizibo cha shaba nilichokuwa nimekibeba mkobani kwa kusudi hilo, nikapangusa sakafu. Mbao hazikupata hata tone. Hilo nililihakikisha.

Gachau alinikuta nje nikiosha mikono kwenye ndoo.

"Nionyeshe hiyo valvu."

Nilimwonyesha. Alitazama mpini mwekundu, akauzungusha kwa vidole viwili, akaurudisha. Akageuka akatazama mlango wa jikoni, akahesabu kwa macho.

"Ni hatua ishirini," akasema.

"Ishirini."

"Na ulikaa dakika kumi na tano."

"Kumi na nane."

Wageni walikuwa wameanza kuimba uwanjani. Ndugu yangu si mjinga, aliwahi kuwa wa kwanza darasani, na nilimwona akifika mahali ambapo nilitaka afike.

"Ya mama sikupanga, Njau. Sinki iliziba kweli."

"Najua iliziba. Mimi ndiye niliizibua."

"Sikujua Maitu angekufa. Hakuna mtu alijua."

"Alisema tungoje. Ulimsikia."

"Nilimsikia." Alijipangusa uso kwa mkono uliolowa. "Lakini mimi sikujua. Wewe leo ulijua. Unaona hiyo tofauti?"

"Naiona," nikasema. "Mimi nilijua."

Aliingia ndani kubadilisha nguo. Tuliondoka saa kumi na moja. Aliaga watoto, akaagana na Nekesa, na mimi akanifungulia geti.

Oluoch alileta picha wiki ya pili ya Januari, ikiwa kwenye fremu. Baba aliniita nije nyumbani kwake niitundike, kwa kuwa mimi ndiye mwenye drili. Ni matembezi ya dakika sita kutoka kwangu. Nilimkuta ameishika magotini karibu na dirisha, amevaa miwani ya kusomea.

"Umetoka vizuri," akasema. "Macho yako wazi."

"Asante, baba."

"Hiki ni nini?" Aliweka ukucha juu ya kioo. Mkono wangu wa kushoto, uliokuwa juu ya goti, ulikuwa na rangi mbili: koti la khaki hadi kwenye kiwiko, na kutoka hapo kushuka hadi kwenye kiganja, kahawia iliyoiva. Mpaka kati ya rangi hizo ulikuwa umenyooka.

"Maji. Paipu ya Gachau iliachia."

"Kabla ya picha?"

"Kabla."

Alivua miwani. Mtu aliyekaa na boila miaka thelathini na miwili huchoma kidole mara moja tu. Akiwa bado kazini alinichukua Jumamosi moja, nikiwa na miaka kumi na mitatu, akaniweka mbele ya paipu yenye mvuke na kunifundisha sheria ya kwanza kabla ya kuniruhusu kushika spana. Nadhani nilijua anachokwenda kuuliza. Sikuwa nimelifikiria swali hilo katika hesabu zangu zote za miezi tisa.

"Njau. Nilikufundisha nini cha kwanza?"

"Ufunge maji kabla ya kushika paipu."

"Na fundi akifunga maji, mkono unalowa mpaka wapi?"

"Haulowi."

"Haulowi," akasema. Alirudisha miwani na kuitazama picha tena, kwanza mkono wangu, kisha kiti alichonikalisha, kisha kiti cha mama chenye shuka. "Valvu iko mbali?"

"Hatua ishirini."

Akapangusa kioo kwa kiganja. Nilimwambia, kwa sababu ilikuwa kweli, kwamba siku hizi Oluoch anaweza kurekebisha rangi ya mkono kwa kompyuta, kazi ya dakika mbili, na hakuna mtu angeona.

"Picha ni moja," baba akasema. "Itaingia kitabuni hivyo ilivyo. Tundika."

Nilipima ukuta. Alitaka iwe kando ya ile ya mwaka uliotangulia, ambayo haina mimi. Nilitoboa, nikaweka plagi, nikakaza skrubu, nikaitundika. Nikaweka pima maji juu ya fremu zote mbili. Kiputo cha hewa kilisimama katikati.

"Ziko sawa?" baba akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Ziko sawa," nikamwambia, nikakunja waya wa drili.